Bedford imewaka kwa robo tangi

Alhamdulillahi, leo alfajiri hapa Chake Chake Bedford yangu imewaka kwa stata moja, tangi robo, gari limelala tambarare. Wiki tatu nikilisubiri hilo.

Ni TJ, aina ya lori la Bedford, injini ya dizeli ya inchi za ujazo 330, silinda 6. Ubovu wake ulikuwa hivi: kila asubuhi stata inazunguka vizuri, moshi hakuna. Ukilegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta na kupiga pampu ya mkono linatoka povu, halafu dizeli safi. Inawaka, inakwenda dakika kumi, inazima. Hewa, hilo halina ubishi. Lakini inaingilia wapi? Upande wa kunyonya, yaani kutoka tangini hadi pampu, hauvujishi nje, unavuta ndani, kwa hivyo hupati hata tone la kukuonesha mahali. Nimebadilisha filta, washa zote za shaba (pete za kuziba viungo vya mabomba), kiwambo cha pampu ya kunyonyea, na bomba lote chini ya chesisi, maana munyu wa bahari hauachi chuma. Povu pale pale. Nikaanza kuituhumu pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda. Nilikwishalegeza nati mbili niivushe Unguja.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenizuia. "Ami, mbona tukijaza tangi haisumbui? Na juzi Mtambile, tulipoegesha imetazama mlimani, si iliwaka yenyewe?"

Nikaziacha zile nati. Nikaazima kwa jirani yangu mwashi ule mpira mweupe, unaoonesha ndani, wanaopimia levo kwa maji, nikauunga baina ya tangi na pampu. Viputo vinapita mfululizo kama shanga. Nikautia ule mpira kwenye dumu la dizeli: hakuna hata kimoja, na injini ikanguruma nusu saa. Kwa kazi hii sitaki kipimo kingine chochote. Na nati za mabomba, wallahi, tumieni spana ringi iliyokatwa mdomo. Koleo linazila pembe.

Basi ubovu ulikuwa ndani ya tangi, nisikofikiria kabisa. Nikauchomoa mrija wa kunyonyea, nikaziba ncha kwa kidole, nikautia kwenye beseni la maji na kupuliza. Ufa mwembamba kama unywele, kiasi cha theluthi kutoka juu. Dizeli ikiufunika, mrija unanyonya dizeli. Ikishuka chini yake, unanyonya hewa, na usiku mafuta yote yanarudi tangini. Mlimani dizeli inakusanyika nyuma, uliko mrija, ndiyo maana ikiwaka. Nimeuchomelea kwa shaba, nikaupuliza tena mara tatu majini. Kimya.

Wiki hii nilipanga breki za nyuma. Lakini ule mpira mweupe nimeupenda, ila dizeli itaukausha upasuke. Nataka kikombe cha kioo, kile cha filta za zamani, nikifunge karibu na pampu nione mafuta yanavyopita. Kibao cha kukishikilia nimeshakikata, natoboa matundu jioni hii.