Babu na Teke la Bogart

Likizo ya Desemba 1998 ilinikuta Mwanga, Kigoma, kwa babu mzaa mama. Nilikuwa kidato cha pili. Mjomba alikuja na treni kutoka Dar, kabeba deki kuukuu na kanda tatu. Mbili zilikuwa picha za ngumi, tukazimaliza siku ileile. Ya tatu hakuna aliyeigusa. Jalada lake lilikuwa na mzungu asiyenyoa ndevu na mwanamke mwembamba. Ilikuwa The African Queen, ya mwaka 1951. Wadogo zangu wakasema hiyo ya wazee.

"Basi mwekeeni mzee," bibi akajibu kutoka jikoni.

Babu alistaafu kutoka chumba cha injini cha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, na kazi aliianza meli hiyo ikiwa bado inakwenda kwa mvuke. Picha hakuzipenda. Alikaa kumridhisha bibi tu, redio yake ya mkulima ikinong'ona mapajani.

Mtafsiri hatukuwa naye, kazi nikatwishwa mimi. Nikamwambia babu ni mwaka 1914, huku kwetu, enzi za Mjerumani. Huyu dada ni mmisionari, kaka yake kafariki baada ya kijiji kuchomwa moto, na huyu mlevi Charlie anamtorosha kwa kiboti chake. Nusu ya maneno niliyabuni, maana Humphrey Bogart, aliyeigiza Charlie, alikuwa akiyatafuna.

Kisha boila ikaanza kutetemeka na kufoka mvuke. Bogart akainuka, akaipiga mateke. Ikatulia.

Babu akazima redio.

"Anasema bisibisi ilitumbukia kwenye vali," nikaanza, "angeweza kuitoa, ila anapenda ku..."

"Nyamaza, mke wangu. Hiyo naielewa."

Akasogeza kigoda mpaka karibu agonge kioo. Kuanzia hapo nilimtazama yeye kuliko runinga. Maporomoko hayakumshtua. Ruba waliponasa mwilini mwa Bogart wadogo zangu walipiga mayowe, yeye kimya. (Miaka baadaye nilisoma kwamba Uganda na Kongo walikwenda kweli kupiga picha, lakini kwenye ruba walikuwa studio Uingereza. Sikumwambia.) Alikuja kushika kichwa pale shafti ilipopinda na propela ikavunjika. Charlie anakata tamaa. Yule dada, Katharine Hepburn, ndiye anayeuliza kwa nini wasiinyooshe wenyewe. Wanapiga mbizi, wanaifungua, wanawasha moto ufukweni, wanagonga chuma mpaka kinakaa sawa.

"Huyu mama," babu akasema, "angekuwa karakana yetu tungelala mapema."

Kwa picha hiyo Bogart alipata Oscar, ya pekee maishani mwake. Wengi wanaoisifu husifu mapenzi ya wale wawili, watu wazima wasio na sura za kalenda, na kweli yapo. Ila mimi nimeona picha nyingi ambamo steringi anatoka chumba cha injini na shati jeupe pe! Bogart amelowa jasho na masizi, nami nikaamini kwamba kiboti kile ni chake na kwamba kimemsumbua miaka.

Mwishoni meli ya Wajerumani, Louisa, inalipuka na kuzama. Watoto wakashangilia. Babu akakunja uso.

"Nani kawadanganya? Hiyo si Götzen hiyo?"

Ndilo jina la kwanza la Liemba, na kweli Louisa wa hadithini anatokana na meli hiyo.

"Mjerumani aliizamisha mwenyewe, mwaka 1916, adui asiipate. Na kabla ya kuizamisha akazipaka injini grisi, kila mahali. Mwingereza akaja kuiopoa 1924, injini zinafaa! Mnadhani mimi nimefanya kazi juu ya nini?"

Hakuna aliyejibu. Majina yalikuwa yanapita kwenye kioo. Babu akanigeukia.

"Hebu rudisha nyuma."

"Pale nahodha anapowafungisha ndoa na kamba shingoni?" bibi akauliza. Kumbe naye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mwiko mkononi.

"Ndoa ya nini! Pale pa teke."

Nikarudisha. Akataka tena, nikarudisha tena. Mara ya tatu mguu wake ulitangulia wa Bogart.