Jumamosi kijiweni Manzese

Jana tulikaa na vijana kama kumi na mbili hivi, wengi waliishia darasa la saba, wengine form two, mimi kwa ujinga wangu nikaanza na lile swali la siku zote, "unataka kuwa nani?" Dogo mmoja akanijibu bila hata kuniangalia, "bro mi nataka nile kwanza." Nikanyamaza aisee, tukaagiza chapati na maharage ndo mazungumzo yakaanza.

Sasa huyo huyo dogo nikaona mikono yake ina vidoti vya kuungua, kumuuliza kumbe anachomelea mageti miaka minne kwa fundi, anapiga kazi yote, geti likiisha anapewa buku tano, na siku zote alikuwa anajitambulisha kama "mtu wa mtaani tu sina kitu". Nikamwambia wewe ni fundi bwana! VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, uliojifunza kazini unapimwa na ukifaulu unapewa cheti, hawakurudishi darasani uanze upya. Alidhani namzingua.

Shida sasa, cheti cha kuzaliwa hana, kitambulisho cha taifa cha NIDA hana, bibi aliyemlea kashafariki. Kesho kutwa naenda naye serikali ya mtaa, mwezi uliopita nilimpeleka mwingine ofisi moja tukapigwa danadana siku tatu kisa mhuri.

Kuna mtu ana miwani ya kuchomelea ya ziada? Yake imepasuka, anafunga na gundi ya plasta.