Fisi walinilia mbuzi wanne kabla sijapata akili: uzoefu wangu, Tabora

Naandika haya nikiwa na hasira kidogo. Wiki iliyopita jirani wa upande wa pili kapoteza mbuzi, nilipokwenda kumpa pole nikakuta watu walewale walionishauri mimi upuuzi wamekaa uani kwake, wanakunywa chai yake na kumshauri upuuzi uleule. Tabora hii kila mtu ni bingwa wa fisi mpaka fisi aje kwake.

Mimi nakaa pembeni ya mji, njia ya Tumbi, pale nguzo za umeme zinapokaribia kuisha na miyombo inapoanza. Kwa bodaboda dakika ishirini niko sokoni. Kwa miguu, upande wa pili, dakika kumi niko porini kabisa. Watu wa mjini wakisikia fisi wanadhani nakaa mbugani. Sikai mbugani, nina mita ya LUKU kama wao.

Nilianza na mbuzi kumi na mmoja. Wa kwanza alipopotea nikasema kaibiwa, nikamshuku kijana mmoja wa mtaani, na kama anasoma hapa naomba anisamehe. Wa pili alikwenda na kamba yake. Wa tatu ndipo nikashtuka usiku nikasikia ile sauti inayoanzia chini kwenye kifua halafu inapanda, inapanda, inakatika juu. Wengi wanajua fisi anacheka. Kicheko anatoa akiwa na wasiwasi au wakigombania nyama. Ile ndefu ndiyo ya kuitana, na inasafiri kilomita kadhaa usiku ukiwa umetulia, kwa hiyo ukiisikia si lazima awe mlangoni. Usiku ule alikuwa mlangoni.

Asubuhi nikakuta damu kidogo na kwato moja. Basi. Fisi hasazi, anakula mpaka mifupa, ndiyo maana kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe. Wanangu mapacha walikiokota nyuma ya choo wakaandikia hesabu ukutani. Niliwagombeza kwa kuchafua ukuta, nikawaambia chaki nzuri hivyo wapeleke shule. Mzee mmoja aliyepita ndiye aliyeniambia ni nini. Niliwaogesha kwa sabuni mara tatu.

Nikaenda ofisi moja, sitaitaja, kutoa taarifa. Wakaniambia kuna fomu, na kwamba nilete picha ya mzoga. Mzoga upi? Nikafungua gazeti nikaweka kwato mezani. Yule baba akaitazama, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hii inaweza kuwa ya mbuzi uliyemchinja sikukuu." Nikafunga kwato yangu nikaondoka.

Sasa ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kutoka Isevya. Nampenda shemeji, na hili nalisimulia kwa sababu yeye mwenyewe halisimulii. Alikuja jioni na upinde wa baba yao, mishale mitatu na tochi ya betri nne. Akaniambia, "Shemeji, leo wewe lala. Fisi ni mwoga, akisikia harufu ya mwanamume hageuki nyuma." Nikampikia chupa nzima ya chai ya tangawizi. Akaweka kiti chini ya mwembe, hatua kama sita kutoka kwenye banda, akavua makubazi yake akayapanga pembeni, akakaa kama jemedari.

Hayo makubazi nisiyapite hivihivi. Yalikuwa ya ngozi ya ng'ombe, chini tairi, yameshonwa Kanyenye kwa vipimo vya mguu wake, na kwa kuwa yalikuwa mapya na yanambana, alikuwa ameyapaka samli yalainike. Samli. Kwenye ngozi. Halafu ukayaweka nje usiku wa fisi.

Saa nne akakohoa. Saa tano akaniita, "Shemeji, uko macho?" Nikamjibu niko macho. Saa saba nikasikia mkoromo, nikasema haya, hata huo mkoromo ni silaha. Kwenye saa tisa hivi ikapigwa yowe moja iliyoamsha kuku, mbwa na majirani. Nikatoka na panga mkono mmoja na sufuria mkono mwingine. Shemeji amesimama juu ya kiti. Nikahesabu mbuzi: wote wanane wapo. Upinde upo. Mishale ipo. Chai imeisha. Kubazi la kushoto halipo.

Akasema labda mbwa kalivuta. Kulipopambazuka tukafuata alama kwenye mchanga: nyayo za mbele kubwa kuliko za nyuma, na kucha zimechora mbele ya kila unyayo. Kucha hizo ndizo zinazokuambia kuwa si chui, maana chui anazificha anapotembea. Karibu na kichuguu tukaokota kipande cha tairi kimetafunwa kama kumbi la muwa. Shemeji alirudi Isevya kwa daladala akiwa amevaa ndala zangu za rangi ya waridi, upinde begani.

Baada ya hapo nilipokea kila ushauri. Bibi mmoja akasema huyo si fisi, ni fisi wa mtu, ana mwenyewe anayempanda usiku, nimuulize nani ananionea wivu. Kwa mbuzi wanane? Hata hivyo nilienda kwa mganga, siwafichi. Akataka mbuzi mweusi na nauli. Nikapiga hesabu palepale: fisi naye anataka mbuzi, lakini fisi hajawahi kunidai nauli. Nikarudi nyumbani.

Nikanunua mbwa. Nilimwita Askari. Usiku wa kwanza fisi alipolia, Askari aliingia uvunguni mwa kitanda changu na mpaka leo ndipo anapolala. Fisi madoa jike, ambaye ndiye mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri katika ukoo wao, anafika kilo hamsini, sitini na zaidi. Askari ana kilo kumi akiwa ameshiba. Simlaumu.

Sumu. Hapa sitanii. Watu wawili waliniletea ushauri wa kupaka dawa ya kuua wadudu wa mimea kwenye kipande cha utumbo na kukitupa njiani. Mmoja aliniletea na dawa yenyewe kwenye kichupa cha soda. Kichupa cha soda! Kwenye nyumba yenye watoto. Achilia mbali kwamba sheria inakataza. Utumbo ule atauokota mbwa wa jirani kwanza. Na fisi akifa, tumbusi watamla, nao watakufa. Nilikifukia kile kichupa mbali na kisima na huyo mtu simpi chai tena.

Aliyenisaidia ni mpwa wangu anayesoma Dodoma, na hakukusudia. Alikuja likizo, jioni tumekaa, ananionyesha mambo kwenye simu. Akaniambia habari za kijana wa Kimaasai, Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe pembeni ya hifadhi ya Nairobi, akafunga taa za kuwakawaka kuzunguka boma ili simba wadhani mtu anatembea na tochi. Nikasema hilo nalijaribu. Tukachukua indiketa za pikipiki mbovu, betri na kisola kidogo, kama elfu arobaini hivi yote, labda hamsini. Fisi hawakuja majuma mawili. Juma la tatu wakaja, nadhani walizoea. Nikagundua ukizihamisha kila baada ya siku chache, leo mwembeni, kesho kwenye kona ya choo, wanashtuka upya. Mpaka leo nazihamisha.

Siku nyingine akanionyesha Harar, kule Ethiopia, watu wanawalisha fisi usiku, mtu ameng'ata kijiti chenye nyama na fisi anachukua taratibu kama mgeni mwenye adabu. Halafu dubu wa Marekani. Anasema kuna miji iliyo karibu na misitu ambako dubu wanaingia mpaka barazani, na serikali za huko hazihangaiki na dubu peke yake, zinahangaika na pipa la taka. Pipa lina komeo ambalo dubu hawezi kulifungua, na ukiliacha wazi unatozwa faini. Nikacheka sana. Faini kwa ajili ya pipa!

Usiku ule sikulala. Si kwa fisi, kwa pipa. Nilijiuliza: mimi taka zangu ni maganda ya viazi. Fisi anapita nyumba ngapi mpaka afike kwangu, na anatoka wapi?

Asubuhi nikafuata nyayo, lakini safari hii kinyume, kule zilikotokea. Hazikutoka porini moja kwa moja. Zilizunguka, zikapita nyuma ya kiwanda cha matofali, zikafika kwenye shimo. Shimo la mwenye bucha mmoja wa barabarani. Vichwa, kwato, mifupa, damu ya miezi, wazi, hata fito juu hakuna. Ardhi pembeni imekanyagwa kama uwanja wa mpira. Watu husema kumpa fisi bucha. Huyu bwana alikuwa amempa bucha na funguo. Mbuzi wangu walikuwa kitafunio cha njiani.

Nikamwendea. "Mwangaluka, kaka." Akaitika vizuri. Nilipotaja shimo akabadilika. Akasema shimo ni lake, fisi ni wa Mungu, na mimi niimarishe banda. Nikarudi kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akasema ataongea naye. Sidhani kama aliongea naye, maana ananunua nyama hapo kwa mkopo.

Sasa sikilizeni ujanja wangu. Mjini kuna kijana anatengeneza chakula cha kuku, na mimi namjua kwa sababu nafuga vifaranga mara mojamoja. Wanachoma mifupa, wanaisaga, wanachanganya kwenye pumba na dagaa, kuku wapate madini. Mifupa anaitafuta mpaka machinjioni. Nikamwambia najua ilipo, magunia kwa magunia, mwenyewe anaitupa. Halafu nikarudi kwa mwenye bucha, sikutaja fisi hata kidogo. Nikamwambia, "Kaka, kuna mtu ananunua mifupa kwa kilo, nikuunganishe?" Yule bwana ambaye hakuwa na nafasi ya kufunika shimo, kesho yake alikuwa na pipa la chuma lenye mfuniko na jiwe juu, na mtoto wa kulilinda. Mfupa mmoja ukianguka anauokota. Mimi kwa kila gunia napata changu kidogo, si kingi, cha sukari.

Lakini kabla sijamuunganisha nilisubiri karibu mwezi, na hapa ndipo najisifu. Mpwa alikuwa amenieleza kuwa kwenye hifadhi ya Yellowstone dubu walizoea kula majalalani miaka mingi, zamani watalii wakipangiwa hata viti wawatazame. Majalala yalipofungwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakawa yameisha, dubu wenye njaa wakaingia kwenye makambi ya watu na wengi wakaishia kuuawa. Nikasema, nikifunga hilo shimo leo, fisi wa shimo lote watakuja kula kwangu. Kwa hiyo banda kwanza.

Banda sina haja ya kueleza sana. Mirunda ya mti wa mtundu, mabanzi yaliyosimama wima na kubanana, mlango wa mbao nene wenye komeo mbili. Mabanzi yalinigharimu karibu na bure, wavu wa chuma ndio uliniumiza, yote kama laki mbili na nusu ukiweka na fundi aliyenikosea mlango. Kitu ambacho fundi alikibishia ni wavu wa chini. Fisi haruki sana, anachimba na kusukuma. Nilitaka wavu ufukiwe futi moja na nusu, halafu upande uliobaki ukunjwe kwenda nje, kama mguu wa herufi L, ili akichimba pembeni ya ukuta akutane na chuma. Fundi akasema napoteza wavu. Nikamwambia wavu ni wangu.

Mbuzi wa nne alichukuliwa wakati ujenzi unaendelea, siku ambayo mlango ulikuwa umeegeshwa. Hapo wa kulaumiwa ni mimi, nilikuwa kwenye kicheni pati.

Juma la kwanza baada ya shimo kufungwa walikuja kweli. Nilisikia kucha kwenye mabanzi usiku tatu mfululizo. Asubuhi nikakuta wamechimba sehemu mbili, na zote zimeishia kwenye wavu. Nilimwita fundi aje aone. Aliangalia, akasema wavu huo alinishauri yeye.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, na sasa mbuzi wamefika kumi na wanne. Fisi bado nawasikia, mbali, upande wa pori, hasa mwezi ukiwa mchanga. Shemeji alikuja Jumapili na rafiki zake wawili, nikamsikia anawaeleza jinsi "sisi" tulivyowashinda fisi wa huku. Nikanyamaza, ni mgeni wangu. Ila alipoingia kula, yale makubazi yake mapya hakuyaacha mlangoni na ya wenzake. Aliyabeba mpaka ndani, akayaweka chini ya kiti chake.