Hakubahatika kuajiriwa

Bibi tumemzika Jumamosi hapa Wete, barua ya kuongezewa mkataba kazini imenikuta ndani ya boti, na wageni wa Unguja wameshaondoka. Hayo nitayaandika siku nyingine. Kinachoninyima usingizi ni sentensi moja ya Baba Mdogo.

Alikuwa akisoma wasifu kanisani. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara kanisa kuu la Mkunazini kule Unguja, ndoa, watoto sita. Kisha: “Marehemu hakubahatika kuajiriwa.” Akaingia kwenye ugonjwa.

Jioni nilimfuata barazani.

“Ba'mdogo, Bibi hakuwa na kazi?”

“Sasa ningeandika nini, mwanangu?”

Nikanyamaza.

Ningeandika nini. Usiku kucha nimekuwa nikimjibu. Andika karafuu, Ba'mdogo! Msimu ukiingia alitoka alfajiri, akachuma mpaka alasiri, usiku akakaa kwenye jamvi na wanawake wenziwe wakizichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake kwa taa ya chemli. Alilipwa kwa pishi. Pishi hizo ndizo zilizokununulia wewe sare na madaftari.

Nilipokuwa na miaka tisa alinipeleka Mkunazini, akanionyesha duara la marumaru mbele ya altare. “Hapo palikuwa na mti wa kuchapia watu.” Kanisa lile limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini huku Pemba bibi yake yeye alisubiri mpaka amri ya 1897 ya kufuta utumwa. Alipoachiwa huru akarudi kwenye mikarafuu ileile, safari hii kwa ujira. “Mie nachuma cha kulipwa,” Bibi alikuwa akisema, na kidevu juu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesomewa kwamba hakuajiriwa.

Andika na kanisa. Jumapili hatufiki ishirini, lakini vitambaa vya altare vilinyooka kama vinamsubiri askofu, kwa pasi yake ya mkaa. Andika kuku wa Krismasi: hakuruhusu achinjwe nyumbani kwetu. Alimpeleka kwa jirani, Mwislamu, amchinje yeye, ili sahani zikienda nyumba za pili zilike. Mwezi wa Ramadhani alipikia ndani, mlango ameurudisha, na magharibi haikupita bila bakuli la futari kuletwa kwake. Jumamosi wanaume wa nyumba hizo walingoja nje mpaka ibada ikaisha, wakapokezana jeneza hadi kaburini. Hilo nalo halikuwamo kwenye wasifu.

Basi nimeamka leo na hasira zangu, nikakusanya nguo za kufua. Mfukoni mwa shati la Baba Mdogo nikakuta ile karatasi. Juu ya sentensi yake kuna mistari mitatu iliyokatwa kwa wino. “Alichuma karafuu kwa”, imekatwa. “Kazi yake ilikuwa”, imekatwa. Wa tatu una neno moja tu, “Mama”, na wino umetota.

Kumbe lile lilikuwa swali. Aliniuliza, na mimi nilikuwa na majibu yote, nikamwacha peke yake barazani.

Shati nimelifua, liko kambani. Karatasi nimeiweka ndani ya kitabu chake Bibi cha sala, na leo jioni nitakwenda kukaa na Ba'mdogo.