Mchana wa Tambi za Kuvuta kwa Mkono, Lanzhou

Mwislamu akiaga kwamba anakwenda China, nyumbani huulizwa kwanza: mtakula nini huko? Mama aliniuliza kwa simu kutoka Tanga, mama mkwe naye akaja na lilelile. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, Uingereza, mji ambao nyama ya halali hupatikana bila kutafuta, kwa hiyo hata sisi tulikuwa na wasiwasi. Leo najibu kwa raha zangu: fikeni Lanzhou.

Ni mji mkuu wa jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi, umejinyoosha kando ya Mto Manjano. Kutoka mji wa Xi'an ni kama saa tatu kwa treni ya mwendokasi. Wahui, Wachina Waislamu, ni wengi hapo, na chakula kinachotajwa sana mjini ni chao: tambi za supu ya ng'ombe. Supu hii kwa sura yake ya leo hutajwa kuwa ya Ma Baozi, Mhui aliyeanza kuiuza mwaka 1915.

Kwenye mkahawa unalipia mlangoni, unapewa tiketi, unaipeleka dirishani kwa mpishi na kumwambia unene unaoutaka. Usipitwe na dirisha hilo! Aliyetuhudumia alikuwa kijana mwenye barakashia nyeupe. Alikata donge la kinyunya kilicholazwa, akaliviringisha kwenye unga, akashika ncha mbili akavuta hadi mikono ikanyooka. Akakunja, akavuta tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili, kwa hiyo mkunjo wa saba ni nyuzi 128 na wa nane ni 256, zote nyembamba kama uzi wa cherehani, wala hazikatiki. Siri moja iko kwenye magadi: zamani yalitoka kwenye majivu ya mmea wa nyikani, siku hizi ni unga wa dukani. Ndiyo yanayofanya kinyunya kivutike na tambi ziwe na rangi ya manjano. Akazipiga mezani kwa kishindo, akazitupa kwenye maji yanayotokota, na kabla sijamaliza kumsifia bakuli likawa mbele yangu.

Supu ni angavu, unaona hadi chini. Juu kuna vipande vya figili, mafuta mekundu ya pilipili, kotimiri na majani ya kitunguu saumu. Nyama ni kidogo, ukitaka zaidi unalipia sahani yake. Mezani kuna siki nyeusi na vitunguu saumu vibichi. Wenyeji wanavimenya na kuvitafuna hivyohivyo kati ya tonge na tonge. Mume wangu aliwaiga. Mimi niliongeza siki tu, na nakwambia, siki ndiyo inayoifungua ile supu.

Mzee wa meza ya jirani aliuona mtandio wangu, akasema, "Salamu alaykum." Tukaitikia. Hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja, lakini alitusogezea chupa ya siki na kutuonyesha kwa mkono: ongezeni. Baada ya siku kadhaa za kuuliza kila sahani imepikwa na nini, kula bila kuuliza ni neema kubwa. Nilikunywa ile supu hadi tone la mwisho.

Mkienda, wahini. Wenyeji hula asubuhi na mchana, na mikahawa mingi ya asili hufunga alasiri. Kwa mara ya kwanza ombeni jiuye, tambi bapa kiasi. Zile nyembamba kabisa, maoxi, hulainika haraka mkianza kupiga picha. Na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wasidhani hili haliwahusu, maana mikahawa ya tambi hizi imeenea China nzima, mingi ikiendeshwa na Waislamu wa jimbo la Qinghai. Maandishi ya Kiarabu yameondolewa kwenye mabango sehemu nyingi miaka ya karibuni, hivyo wekeni kwenye simu herufi hizi mbili: 清真, husomwa qingzhen, yaani halali. Zitafuteni juu ya mlango kabla ya kuingia.