Azimio la Arusha: umelisoma lenyewe au umesoma madesa?

Hapa Arusha ukitaka kuona watu wazima wanagombana bila hata pombe, chokoza mada ya Azimio, ile hati ya siasa ya ujamaa na kujitegemea ya TANU, chama tawala cha wakati ule. Iwe kijiweni, iwe kwenye daladala, hata msibani kabla mchungaji hajafika, mmoja atasema Azimio ndo lilituua, mwingine atasema Azimio ndo lingetuokoa kama lingeachwa liendelee, na ukiwauliza kwa upole tu, kaka, umelisoma? wote wanakuambia walifundishwa sekondari. Kufundishwa sekondari maana yake walisoma madesa, na madesa yenyewe mtu aliyatoa kwenye kitabu cha mtu mwingine ambaye labda naye hakulisoma, labda alilisoma, nani ajuaye.

Na wala sio lisomo refu jamani. Ni kajitabu. Ukitafuta mtandaoni unapata pidiefu yake ya Kiswahili, bando lake halifiki hata la kuangalia video mbili za vichekesho, na kama uko mjini unaenda pale Makumbusho ya Azimio karibu na mnara wa Mwenge, kwenye jengo lilelile ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967. Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Lina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, uanachama, halafu mwishoni ndo maazimio yenyewe.

Sasa kaa nalo chini ulisome kama hujawahi kulisikia. Mimi nililolipenda kuliko yote halimo kwenye madesa kabisa. Kuna mahali kwenye sehemu ya kujitegemea wanahesabu masaa ya kazi, wanasema wenye mishahara wanafanya kazi kama masaa 45 kwa wiki, halafu wanageukia kijijini wanasema wanawake wa vijijini kuna wakati wanafanya kazi masaa 12 mpaka 14 kwa siku, mpaka Jumapili na sikukuu, ila wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao! Chama tawala hicho, 1967, kinawasema wanaume hadharani kwenye hati yake kubwa. Nilimsomea shangazi yangu wa Tengeru akacheka mpaka akaweka jembe chini, akasema huyo aliyeandika alipita huku kwetu.

Halafu kuna lile la miji na mashamba. Wanasema mikopo ya nje inajenga viwanda na mahospitali mijini lakini anayeilipa ni mkulima kwa mazao yake, kwa hiyo tusipoangalia wakulima watanyonywa na watu wa mijini. Hii nayo kijiweni husikii. Kijiweni unasikia tu kwamba viongozi walikatazwa kuwa na nyumba za kupangisha (kweli imo, pamoja na kukatazwa hisa kwenye makampuni, ukurugenzi kwenye kampuni za kibepari na mishahara miwili).

Kuna na vitu watu wanavidai kwamba vimo na havimo. Mtu anakuambia Azimio ndo lilihamisha wazee wetu kwa nguvu kwenye vijiji vya ujamaa. Tafuta huo mstari. Haupo. Maandiko ya ujamaa vijijini yalikuja Septemba mwaka huohuo, na ile kuhamisha watu kwa operesheni ni miaka ya sabini, amri ya kwamba wote wakae vijijini ilitoka 1973. Sasa unaweza kubisha kwamba moja lilizaa lingine, sawa, mimi mwenyewe naona kuna ukweli, lakini hiyo ni hoja yako, unatakiwa uijenge, usiipachike kwenye karatasi ambayo haikusema. Mabenki pia, yametajwa kwenye orodha ya njia kuu za uchumi ambazo ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, ila kuzichukua benki zenyewe kulitangazwa Februari ileile baada ya Azimio na kukapitishiwa sheria yake.

Ila pia usilisome Azimio ukadhani umeiona Tanzania ya 1967. Hiyo ni karatasi ya chama. Inakuonyesha TANU ilitaka ionekane inaamini nini, inaongea na wanachama wake na dunia, haikuambii duka la Mangi pale sokoni liliendelea vipi mwezi wa tatu. Ukitaka hayo unafungua magazeti ya wakati ule, na hapo pia unaangalia ni gazeti la nani, maana Uhuru lilikuwa la TANU na Standard lilikuwa bado la binafsi mpaka serikali ikalichukua 1970, kwa hiyo ukisoma habari moja kwenye yote mawili unaanza kuona nani kanyamaza wapi. Hansadi za Bunge nazo, yaani kumbukumbu za mijadala yake. Zinachosha, sikufichi, lakini ndani yake kuna wabunge wanabishana wazi kuliko unavyotegemea kwa nchi ya chama kimoja.

Mfano mwingine wa hukuhuku kwetu, na huu ningeutaka kila mwanafunzi wa Arusha aupitie, ni kesi ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa kama watu 3,000 kule Engare Nanyuki ili wapewe walowezi ardhi, nyumba zikachomwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo. Hii wote tunaijua kijuujuu. Kinachonifurahisha ni kwamba makaratasi yake yapo, maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa ni bure, na malalamiko yaliyotumwa kutoka Tanganyika yamepewa alama inayoanzia na T/PET.2, ukiandika hiyo pamoja na Meru unaanza kupata. Kizungu kitupu, ndiyo, lakini sio kigumu.

Ukiyapata usianze na nani alikuwa na haki, hiyo unaijua tayari moyoni. Anza na nani anamwandikia nani. Malalamiko ya Wameru yamepangwa kisheria, na wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi, kwa hiyo uchungu wa mtu aliyechomewa nyumba unakufikia ukiwa umevalishwa suti ya mahakamani. Halafu soma maelezo ya Uingereza. Huko huwakuti watu waliofukuzwa, unakuta mpango wa kupanga ardhi vizuri, mifugo, maendeleo, mapendekezo ya Jaji Wilson, aliyechunguza mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Shamba ni lile lile. Weka hizo karatasi mbili pembeni pembeni utajifunza jinsi serikali inavyoongea kuliko mihadhara yote.

Nyaraka za Mjerumani, za enzi za ukoloni wake, sizisemi sana. Zipo Nyaraka za Taifa Dar, UNESCO iliziweka kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997, ila nyingi zimeandikwa kwa mkono kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo unamshinda. Ndo maana kwa mambo kama ya Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, wazee bado ni chanzo kikubwa, na wazee nao wana namna yao ya kusomwa. Muulize babu hili uliliona au uliambiwa? Na aliyekuambia alikuwa nani, alikuwa upande gani? Babu mwingine anachukia hilo swali, anaona unamfanya muongo, kwa hiyo usiliulize la kwanza, mwache amalize chai.

Na kabla hujapanda basi kwenda Dar kutafuta nyaraka, fungua lile sanduku la bibi. Watu wa Marangu, Machame, Kibosho, nyie mna risiti za kahawa za KNCU, ule ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro, kadi za kanisa, vyeti vya ubatizo, barua za mjomba aliyekuwa Mombasa, pengine hata Komkya, gazeti la Wachaga la miaka ya hamsini, limefungiwa picha. Piga picha mbele na nyuma, maana nyuma ndo watu walikuwa wanaandika madeni. Halafu andika pembeni ni ya nani, ilikuwa wapi, nani kakuambia, na uirudishe humohumo kwenye sanduku kabla mtu hajaitumia kuwashia moto.