Pasi ya treni ya Kyushu: ratiba ilipofikia

Machi

Safari ni ya Novemba, watu wawili: mimi na mamangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Malindi, ambaye amesema waziwazi kwamba likizo ya kwenda kukaa Diani hataki tena kuisikia. Anataka Japani. Yeye hamu yake ni kuona miji, mimi hamu yangu ni treni, na kazi ya kuvioanisha hivyo viwili nimeangushiwa mimi.

Tulianza na Tokyo, Kyoto na Hiroshima, kama watu wengi. Bei ikatutoa huko. Pasi ya nchi nzima ya siku 7 (tiketi moja ya kupanda treni upendavyo), behewa la kawaida, ilikuwa yen 29,650 hadi Oktoba 2023, ikapandishwa ghafla hadi 50,000. Kwa bei hiyo lazima uwe mtu wa kushinda ndani ya treni ndipo irudishe pesa yake, na mamangu mdogo hakufunga safari kwenda kutazama dirisha la treni. Nikageukia pasi za kanda. Japani zipo nyingi, kwa kuwa shirika la reli la taifa lilivunjwa Aprili 1987 na usafiri wa abiria ukagawiwa kampuni sita, kila moja na eneo lake na tiketi zake.

Nimechagua Kyushu, kile kisiwa kikubwa cha kusini magharibi. Volkano zipo, bandari za kale zipo, na treni zake zimebuniwa kwa mapenzi. Nyingi ni kazi ya mbunifu Eiji Mitooka. Treni iitwayo Sonic 883 ina viti vyenye sehemu ya kuegemeza kichwa iliyotokeza kama masikio mawili, hata behewa likiwa tupu utadhani kuna watu wameketi wanakusubiri.

Aliyekata shauri, lakini, ni Francis Xavier. Yule padri aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, ambaye jina lake hutajwa kila ukipita kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti, ndiye aliyeshuka Kagoshima, kusini mwa Kyushu, Agosti 1549. Nilipomweleza mamangu mdogo, alicheka: "Yeye kafika kwa tanga, sisi wa ndege tushindwe? Andika Kagoshima."

Imeandikwa.

Aprili

Mwezi huu wote nimeutumia kusoma mipaka ya pasi, na naona hapa ndipo mpango wa treni unaposimama au kuanguka. Wengi huchagua miji kwanza, wakanunua pasi, kisha wakaanza kushangaa. Mimi nimeitandaza ramani ya reli nikauliza: tiketi hii inaishia wapi?

Pasi za Kyushu ziko tatu: ya kaskazini, ya kusini, na ya kisiwa kizima. Ya kaskazini inakufikisha Nagasaki, Kumamoto, Aso na Beppu, lakini Kagoshima haimo. Kwa hiyo yetu ni ya kisiwa kizima, siku 5. Siku zenyewe hufuatana, na siku ya tiketi ni siku ya kalenda: ukiianza saa kumi jioni, umeshaila siku nzima. Haina kusema leo tumepumzika isihesabiwe. Tena ni ya wageni wa matembezi tu. Rafiki yangu anayesoma kule hawezi kuitumia pamoja nasi.

Kuna kona moja ya kuangaliwa. Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, kati ya kituo cha Hakata, pale Fukuoka, na Kokura ipo ndani ya Kyushu kabisa, lakini ni mali ya kampuni ya magharibi, JR West. Pasi ya Kyushu haiingii humo. Anayetaka Kokura apande Sonic, njia ile ya zamani, atafika vilevile. Treni ya chini ya ardhi ya Fukuoka nayo haimo, ingawa hiyo haiumizi: kutoka uwanja wa ndege mpaka Hakata ni vituo viwili, kama dakika tano. Sisi tuliozoea kushuka SGR Miritini halafu tukaanza kutafuta gari la kutufikisha mjini, dakika tano ni kama zawadi.

Nimefuta Hitoyoshi, mji wa milimani. Ramani za zamani bado zinaonyesha reli ya Hisatsu ikipanda milimani kutoka Yatsushiro kwenda Yoshimatsu, njia ambayo wapenda treni wakiitaja hulegea sauti. Mafuriko ya mto Kuma ya Julai 2020 yaliikata na treni hazipiti tangu hapo. Miyazaki nayo nimeiacha. Kuizungukia pwani ya mashariki kunakula siku, na siku ndiyo sarafu ya pasi.

Mei

Huu ndio mwezi niliouonea raha. Tatizo lilikuwa Nagasaki. Mji ule hauwezi kupewa alasiri moja: kuna Urakami, lilikoangukia bomu tarehe 9 Agosti 1945 saa tano na dakika mbili asubuhi, na kuna Dejima, kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono ya watu miaka ya 1630 ili Wareno wakae mahali pamoja wasizagae mjini. Wareno walewale walioanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593. Japani walifukuzwa, na mwaka 1641 Waholanzi wakahamishiwa humo. Mamangu mdogo amefundisha historia maisha yake yote, nikimpa saa mbili Dejima sitasamehewa.

Lakini tukilala Nagasaki mausiku mawili ndani ya pasi, siku moja ya tiketi inapotea tukitembea kwa miguu. Suluhisho: Fukuoka hadi Nagasaki twende kwa basi la barabara kuu, bei yake ni nafuu kuliko treni, na pasi ianze asubuhi tunayoondoka Nagasaki. Raha ya treni hatuikosi, kwa sababu tutaipanda Kamome wakati wa kutoka. Hiyo ni Shinkansen iliyofunguliwa Septemba 2022, kilomita 66 tu, fupi kuliko zote nchini, na haijaungana na Shinkansen nyingine yoyote. Ikifika Takeo-Onsen unashuka, unavuka jukwaa lilelile hatua chache, unaingia treni ya kawaida, Relay Kamome, inayokungoja ng'ambo. Mbinu hiyo waliwahi kuitumia Shin-Yatsushiro tangu 2004, kabla Shinkansen ya Kyushu haijakamilika Machi 2011.

Siku tano za pasi sasa zimekaa hivi. Ya kwanza, Nagasaki hadi Kagoshima, tukibadilisha Takeo-Onsen na Shin-Tosu. Ya pili ni Ibusuki, mji wa pwani kusini mwa Kagoshima, kwenda na kurudi. Ya tatu, asubuhi kivuko cha kwenda volkano ya Sakurajima (kama robo saa majini, tunalipa wenyewe), mchana tupande hadi Kumamoto. Ya nne kukata kisiwa kwa reli ya Hohi, kupitia Aso hadi Beppu. Ya tano Yufuin, kisha Hakata.

Siku ya nne ndiyo yangu. Pale Tateno mlima ni mkali mno kwa reli kwenda moja kwa moja, basi treni inaingia kituoni, inarudi kinyumenyume ikipanda, inasimama, halafu inageuza tena mbele ikiwa imeshapata kimo. Ukimaliza hapo umeingia ndani ya kasoko ya Aso, bonde lenye upana wa kilomita kama 18 kwa 25, watu wamelima mpunga humo na treni inapita katikati. Tetemeko la Aprili 2016 liliporomosha mlima juu ya reli hiyo, ikafunguliwa tena Agosti 2020.

Kwa hesabu ya pesa, Shinkansen ya Hakata hadi Kagoshima peke yake inapita yen 10,000 kwenda tu. Nimejumlisha vipande vyetu vyote, basi likiwa nje, na pasi bado inashinda kwa nafasi ya kutosha.

Juni

Maji ya moto. Kyushu bila chemchemi zake ni safari nusu, na Beppu mvuke unatoka mpaka kwenye mifereji ya barabarani. Utaratibu wa mabafu ya umma ni kuoga uchi, wanawake kwao na wanaume kwao.

"Mwanangu, umri huu, nikavue nguo mbele za watu nisiowajua? Hata."

Ndipo Ibusuki ikapanda daraja. Kule ufukweni mchanga unapashwa moto na maji ya chini. Unavaa kanzu nyepesi ya pamba, unalala, na mhudumu anakufukia kwa sepetu mpaka shingoni kwa muda wa kama dakika kumi. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Kuzikwa na nguo zangu? Hilo sawa." Beppu nako, bafu la Takegawara lina mchanga kama huo.

Chakula kimepangwa upesi. Supu ya tambi inayoipa Hakata jina ni ya mifupa ya nguruwe, hivyo hiyo tunaipita. Fukuoka ina msikiti mtaa wa Hakozaki, Beppu pia una msikiti kwa ajili ya wanafunzi wa nje, na jirani na misikiti ndiko nitakakouliza habari za kula.

Julai

Mizigo. Kwenye Shinkansen ya Kyushu sanduku ambalo urefu, upana na kina vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kuwekewa nafasi maalumu. Nimelipima sanduku la mamangu mdogo kwa utepe wa fundi cherehani: 171. Amekubali kuazima dogo, kwa sharti kwamba zawadi za kurudi nazo zitabebwa na mimi.

Ratiba ya viza imejazwa: kila siku tuko wapi, tunalala wapi, namba ya simu ya hoteli. Kazi ya Mei ilifanya hii iwe ya kunakili tu.

Septemba

Pasi inaruhusu kuchagua viti mara sita. Baada ya hapo unapanda mabehewa ya kukaa popote. Yufuin no Mori, ile treni ya kijani yenye sakafu ya mbao, haina behewa la kukaa popote: bila kiti hupandi, na watu huigombania. Viti hufunguliwa mwezi mmoja kabla, 10:00 kwa saa ya Japani.

Hapo nikagundua jambo lililonifurahisha kuliko punguzo lolote. Japani wametutangulia saa sita, na saa yetu ya Kiswahili nayo inapishana na saa ya simu kwa sita. Saa ya Japani ikisoma 10:00, Malindi ni saa kumi alfajiri. Ikisoma 13:00, yaani saa moja ya mchana kwao, nyumbani ni saa moja asubuhi. Mamangu mdogo hatabadilisha chochote: saa atakayoirekebisha akishuka Fukuoka itamsomea wakati wa nyumbani kwa Kiswahili, moja kwa moja. Amesema atawapigia wajukuu kwa hiyo.

Kengele nimeitega saa kumi kasorobo alfajiri, siku viti vinapofunguliwa. Nafasi mbili za mwanzo ni za Yufuin no Mori, zinazofuata za Kamome na Relay Kamome, na treni ya Ibusuki, ile iliyopakwa nusu nyeusi nusu nyeupe. Zilizobaki ni za kuvuka Aso. Kama Yufuin no Mori itajaa kabla sijabonyeza, ipo Yufu inayopita reli ileile hadi Hakata. Nimeshaiandika kwenye jedwali, mstari wa chini, kwa rangi ya kijivu.